Mtoto Amepona Surua, Mbona Anaumwa Tena?



Ndugu zangu katika imani, niliahidi kuendelea na darsa la mirathi, lakini leo nitaliweka pembeni. Wiki hii nimeulizwa swali ambalo niliwahi kulijibu vibaya miaka mingi nyuma, hapa hapa Nyarugusu. Nikilinyamazia mara ya pili nitakuwa nimekosa mara mbili.

Swali lenyewe ni hili: "Shekhe, mtoto aliugua surua akapona. Vipele vikakauka, akarudi kucheza na wenzake. Haikupita miezi miwili akashikwa na kifua, kifua kikaisha akaanza kuharisha, sasa amebaki mifupa. Si kuna jicho hapa?"

Mara ile ya kwanza aliyeniuliza alikuwa baba mmoja, alinijia baada ya Alasiri. Nikaenda nikamsomea mtoto. Nikamsomea siku tatu. Sikumwambia ampeleke zahanati, kwa sababu alishanieleza kuwa surua ilitibiwa na ikaisha, na mimi nikaridhika. Siku ya nne tulimzika. Kisha nyumba ile ikaanza kumtafuta mwenye jicho, na haikuchukua muda kumpata: mama jirani, aliyekuwa na desturi ya kumbeba yule mtoto na kumsifia uzuri wake. Watu hawa walitoka Fizi pamoja. Walivuka ziwa kwenye boti moja, wakapewa viwanja vinavyotazamana, wakapanga madumu yao kwenye bomba moja. Tangu msiba ule hawakusalimiana tena.

Jicho ni haki, sikatai, na ruqya ni katika sunna. Lakini kumbebesha muumini mauaji kwa dhana ni dhulma. Na kwa ninayoyajua leo, naona zaidi kuwa aliyemdhoofisha yule mtoto ni ile surua yenyewe tuliyodhani imekwisha. Nitaeleza. Biolojia yangu ni ya kidato cha nne tena ya zamani, ila nimekaa na wauguzi, nimeuliza na nimesoma, basi nivumilieni.

Kirusi si mdudu anayekula na kukua. Kirusi cha surua ni maagizo tu, kama karatasi iliyoandikwa, yamefungwa ndani ya bahasha ya mafuta na protini. Kikiwa nje ya mwili hakizai na hakifanyi kazi yoyote. Ili kiongezeke lazima kiingie ndani ya seli, zile chembe hai ambazo Allah ameujenga mwili kwazo. Seli ina kazi yake ya kutengeneza protini kwa kufuata maagizo. Kirusi kinaingiza karatasi yake, na seli inaifuata bila kujua imetoka kwa nani. Ni kama mtu aingie kwenye mashine ya kusaga ya wenyewe: mahindi si yake, dizeli si yake, fundi si wake, lakini kila gunia linalotoka limeandikwa jina lake. Virusi vipya vinatoka kwa wingi, kila kimoja kimejivika kipande cha utando wa seli ile ile, vinakwenda kutafuta seli nyingine. Ndiyo maana dawa za kuua bakteria haziiponyi surua. Wanaponunua vidonge dukani na kumpa mtoto kwa kukisia wanapoteza pesa.

Sasa sikilizeni hapa.

Kila kirusi kina seli zake ambazo ufunguo wake unafungua. Kirusi cha mafua kinapenda pua na koo. Ufunguo wa surua unafungua seli za kinga zenyewe, wale askari wa mwili. Mtoto anavuta hewa, askari walioko kwenye mapafu wanakikamata kirusi, na wao wenyewe wanakibeba mpaka kwenye tezi ambako askari wengine wamekusanyika. Mwizi huyu anaanza na kituo cha polisi.

Na katika tezi zile zipo seli za kumbukumbu. Mtoto akiugua kuhara leo akapona, mwili unabaki na seli zinazoujua ugonjwa ule, ukirudi zinautambua na kuuzuia mapema. Mimi naziita mahafidhi wa mwili. Mnakumbuka vita vya Yamama, walipouawa mahafidhi wengi wa Qur'ani, Sayyidna Umar (r.a.) akaingiwa na hofu, akamshauri Sayyidna Abubakar (r.a.) ikusanywe katika maandishi. Surua inafanya Yamama ndani ya mwili wa mtoto. Inawaua mahafidhi, na mwili hauna msahafu uliouweka pembeni.

Kisha mwili unapambana. Vile vipele mnavyoviona ni alama kuwa askari waliobaki wanaziua seli zilizotekwa kwenye ngozi. Surua inashindwa, inaondoka, na seli mpya zinazaliwa kwa wingi kuziba nafasi. Ukihesabu, darasa limejaa tena. Lakini wanafunzi wengi wa darasa hili jipya wamehifadhi kitu kimoja tu, nacho ni surua. Na hicho wanakihifadhi barabara: mwaka 1846 daktari Peter Panum alikwenda visiwa vya Faroe, huko kaskazini ya Ulaya, akakuta surua imeenea, ila wazee walioiugua mwaka 1781 haikuwarudia. Miaka 65! Surua mwili unaikumbuka umri mzima. Ni yale mengine uliyojifunza kabla yake ndiyo yanayopotea, na mtoto wa miaka minne anarudishwa kuwa kama mchanga mbele ya nimonia na kuhara.

Si maneno ya kukisia. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya watoto 77 wa Uholanzi ambao damu yao ilipimwa kabla ya kuugua surua na baada yake. Walipoteza kuanzia asilimia 11 mpaka 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine. Watoto waliopewa chanjo hawakupoteza. Na kilichonishangaza mimi imamu ni sababu ya watoto wale kutochanjwa. Walitoka katika jamii za Wakristo ambao wengi wao wanaona kuchanja ni kutomtegemea Mungu. Hoja hiyo hiyo naisikia hapa barazani baada ya Isha, kutoka kwa watu wanaodhani ni hoja ya Kiislamu.

Wanayemtaja kwa dalili ni Mtume (s.a.w.), kwamba alikanusha kuambukizana. Ndugu yangu, usichukue hadithi moja ukaiacha ndugu yake. Yeye huyo huyo alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima, na akakataza kuingia katika nchi yenye tauni na kuikimbia ukiwa ndani yake. Imamu Nawawi, ambaye sisi Mashafi tunamsoma kila siku, ameeleza kuwa kilichokanushwa ni itikadi ya zama za ujinga, ya kuona ugonjwa unahama kwa nguvu zake wenyewe bila ya kudra ya Allah. Sababu hazikukanushwa. Na Abubakar ar-Razi, tabibu Muislamu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita aliandika kitabu kizima kutofautisha ndui na surua. Hakuambiwa amepungukiwa na tawakkul.

Wengi wetu hapa tuna jamaa ng'ambo ya ziwa. Miaka ile ya 2018 hadi 2020 kila simu kutoka Kongo ilikuwa ni Ebola, na kweli Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 upande wa mashariki. Lakini surua iliyoanza kuenea Kongo mwaka 2019, mpaka kufika Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Nani aliipigia kelele? Tumeizoea. Tunasema kila mtoto lazima aipitie, kama meno.

Naomba nizungumze na walimu wenzangu wa madrasa, na najua baadhi yenu mtakasirika. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuwaambukiza 12 mpaka 18 kati ya wasio na kinga. Anaambukiza tangu siku nne kabla vipele havijatoka, na kirusi kinaweza kubaki hewani mpaka saa mbili baada ya yeye kuondoka chumbani. Kwa hiyo mwalimu ukiona vipele ukamrudisha mtoto nyumbani, umechelewa, mkeka mzima umeshavuta. Kinachofaa ni kuomba kadi ya kliniki siku mzazi anapomwandikisha mtoto. Sindano ya kwanza ni miezi 9, ya pili ni miezi 18, na ya pili si ya ziada: iliyotolewa miezi 9 huwaacha takriban watoto 15 katika mia bila kinga. Asiye na kadi, kama wengi waliofika wakikimbia, asifukuzwe. Apelekwe aanze. Mwalimu mmoja aliniambia hii ni kazi ya wahudumu wa afya. Nikamwambia, juzuu Amma wanakuja kusoma kwako, si kwao.

Ama mtoto ambaye surua imeshampata, mpelekeni apewe matone ya vitamini A siku mbili mfululizo, mumlishe, na msimnyime chakula kwa miiko. Akishapona, kwa miaka miwili mpaka mitatu msipuuze kifua chake wala kuhara kwake. Akipumua haraka, siku hiyo hiyo zahanati. Kisomo mnisubirini, nitamsomea huko huko kitandani.

Yule baba wa mwanzo bado yupo. Mwezi uliopita nilimwendea nyumbani kwake nikamweleza yote haya, na nikamwomba radhi kwa zile siku tatu. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza kama yule mama jirani naye nimeshamweleza. Nikamwambia hapana, nimeona nianze kwako, twende wote wawili. Akasema nimpe muda. Ijumaa hii nitamkumbusha.

Wallahu aalam.