Mungu Kwanza, Tuanzie Nyumbani



Ndugu wananchi wa Mwanza na mwambao wote wa Ziwa Victoria, ukisimama kidogo pale mwaloni Kirumba ukaangalia mitumbwi, au pale Buhongwa ukaangalia daladala zinavyopita, maneno “Mungu Kwanza” hutayakosa. Yamepakwa rangi ubavuni mwa mtumbwi, yamebandikwa kwenye kioo cha nyuma cha gari, yako hata kwenye kibanda cha mama lishe. Ni maneno mazuri, na naamini kila aliyeyaandika aliyaandika kwa moyo.

Leo nina ombi moja tu. Maneno hayo tuliyoyaweka kwenye vyombo vyetu, tuyaweke pia kwenye ratiba zetu. Katika siku yako, Mungu anapata nafasi saa ngapi? Anatangulia, au anasubiri mpaka mengine yote yaishe?

Najua wengi mtanijibu kwamba muda hautoshi, na ni kweli maisha ya hapa yana haraka. Mvuvi wa dagaa anaingia ziwani jioni, anarudi alfajiri. Mama anayenunua dagaa hao anatakiwa awe mwaloni kabla hakujapambazuka. Dereva na kondakta wanaamka saa kumi usiku. Muuguzi wa hospitali ya Bugando wiki hii yuko zamu ya usiku, wiki ijayo ya mchana. Utawaambiaje watu wote hawa wapige magoti sebuleni saa kumi na mbili asubuhi?

Basi tuanze na saa ya kazi yako. Kila nyumba itafute saa yake ya sala. Iwe fupi, na isirukwe.

Wavuvi wataelewa haraka. Dagaa huvuliwa siku za giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti tena, na kazi inapungua kwa siku kadhaa. Baba, hizo siku ni zako na watoto. Kaeni, msome Injili, muimbe, muombe bila kuharakishana. Giza likirudi, piga simu nyumbani kabla ya kusukuma mtumbwi. Dakika mbili zinatosha: mama aombee chombo, wewe uombee nyumba.

Bwana wetu mwenyewe si aliishi na wavuvi? Ziwa la Galilaya ni dogo sana mbele ya letu. Halifiki kilomita za mraba 170, na letu linakaribia 69,000. Hata hivyo maisha ya kule tunayatambua: nyavu, usiku mzima bila samaki, dhoruba ya ghafla, makaa ya kuchomea samaki ufukweni. Marko anasimulia katika sura yake ya kwanza kwamba, baada ya jioni ya kuhudumia wagonjwa waliojaa mlangoni, Yesu aliamka kungali giza akaenda peke yake kusali. Watu walikuwa wakimtafuta na kazi ilikuwa tele. Yeye alianza na Baba.

Pengine unasema moyoni kwamba kuongoza sala ni kazi ya padre au mchungaji. Ziwa hili lina historia ya kutujibu.

Mwisho wa mwaka 1878 Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama White Fathers, walifika Kageye, kandokando ya ziwa upande wetu. Mwaka uliofuata wakavuka hadi Buganda. Novemba 1882 walilazimika kuondoka huko, wakarudi kusini mwa ziwa, na Bukumbi ikawa makao yao mwaka 1883. Walirejea Buganda mwaka 1885. Kwa karibu miaka mitatu, waamini wachache na wakatekumeni waliobaki kule hawakuwa na padre hata mmoja.

Walifanya nini? Walisali majumbani na kazini. Yosefu Mukasa, mtumishi katika jumba la kabaka, yaani mfalme wa Buganda, aliwafundisha wenzake palepale alipofanya kazi. Andrea Kaggwa alifungua nyumba yake kwa waliotaka kusali na kujifunza. Kule Mityana, Matia Mulumba na Luka Banabakintu waliwakusanya majirani, na katika jumuiya hiyo alikuwemo mfinyanzi wa vyungu, Noa Mawaggali. Mapadre waliporudi, walikuta waamini wameongezeka.

Wote hao watano waliuawa kwa ajili ya imani kati ya mwaka 1885 na 1886, kipindi ambacho ndugu zao Waanglikana nao waliuawa. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu pamoja na wenzao, jumla yao 22. Imani iliyowafikisha hapo ilitunzwa na watu wa kawaida ndani ya nyumba zao. Sisi tulio na makanisa kila mtaa tutashindwaje?

Kwa hiyo nyumbani tufanye hivi. Simu ziwekwe pembeni kwanza. Watoto wapewe zamu ya kuongoza. Mtoto wa darasa la pili akimwombea bibi yake aliye Ukerewe kwa maneno yake mwenyewe, mwacheni amalize. Kijana uliyepanga chumba Mabatini, au mwanafunzi unayeishi Nyegezi, wewe pia ni nyumba. Zungumza na Mungu kabla hujafungua ujumbe wa simu.

Ukiona ni vigumu peke yako, huna haja ya kubaki peke yako. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo zinazosali nyumba kwa nyumba. Waadventista huipokea Sabato pamoja Ijumaa jua linapozama. Waanglikana, Walutheri, AIC na Wapentekoste wana vikundi vyao vya sala. Na majirani zetu Waislamu wanatupa mfano mwema kila alfajiri: adhana inatoka, na watu wanaacha usingizi. Tunaisikia, maana tumeshaamka. Kwa nini nasi tusiitumie saa hiyohiyo kumwita Mungu?

Kuna muda mwingine tumepewa hivi karibuni. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Waliokuwa wakikaa foleni ya kivuko sasa wanavuka kwa dakika chache. Msafiri mwenzangu, je, dakika tano katika zile ulizookoa haziwezi kuwa za Mungu?

Sasa twende kazini, kwa sababu huko ndiko tunakokaa sehemu kubwa ya siku. Nehemia alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Siku mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba kwanza kimyakimya, ndipo akajibu. Sala ya namna hiyo haisimamishi kazi. Kondakta anaweza kuisali kabla ya kumjibu abiria aliyekasirika. Muuguzi anaweza kuisali akiwa mlangoni mwa wodi, na mwalimu kabla ya kumwita mtoto aliyekosea.

Danieli naye alikuwa ofisa mkubwa wa serikali. Alisali mara tatu kwa siku, na waliotafuta kosa katika utumishi wake hawakuliona. Sala na kazi safi vilikwenda pamoja.

Vivyo hivyo kwetu. Mama muuza dagaa, sala yako ya alfajiri na ifike mpaka kwenye sado, ijae vizuri. Fundi, ifike kwenye siku uliyomwahidi mteja. Mtumishi wa ofisini, ifike kwenye faili la mzee aliyetoka Ukara na anayetaka kuwahi chombo cha kurudi. Sala ikikomea magotini, jirani ataijuaje?

Na tuliokaa na ziwa tunajua kwamba anayeomba hutunza pia uhai. Tunaikumbuka meli ya MV Bukoba iliyozama tarehe 21 Mei 1996, na mamia ya ndugu waliopotea. Tunakikumbuka kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Ukara, ambako zaidi ya watu 220 walifariki. Familia zao bado ziko nasi. Tuzitaje katika sala zetu. Kisha tukisafiri, tuombe na tuvae jaketi okozi, na chombo kikijaa tusubiri kingine. Uhai ni zawadi ya Mungu, na kuulinda ni njia mojawapo ya kumtanguliza.

Zitakuja siku utapitiwa na usingizi. Zitakuja siku huzuni itakuziba mdomo. Usijilaumu wala usiache. Kaa kimya mbele za Mungu, na kesho yake anza tena.

Basi ndugu zangu, jioni ya leo, mkimaliza kula, ulizaneni: saa yetu ni ipi, na nani ataanza kuongoza? Mkishakubaliana, msingoje mwezi mpya wala mwaka mpya. Anzeni kesho.