Nani ataandika safari ya watoto wa Beni?

Mwaka 1985 vita vilimkuta Salva Dut shuleni, huko Sudani. Alikuwa na miaka 11. Alitembea mpaka Ethiopia, baadaye Kenya. Mwaka 2010 safari yake ilitoka katika riwaya ya vijana, A Long Walk to Water. Mwandishi ni Linda Sue Park, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Korea. Si Mdinka, wala vita hivyo havikumfukuza. Aliketi na Salva, akamuuliza, akasikiliza.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yamewaleta Butembo watoto wengi, wengine kutoka Eringeti na Mbau. Makanisani tunaandika majina, tunahesabu familia, tunagawa unga na sabuni. (Mimi pia nimeshika daftari hilo.) Lakini nani amewauliza walipita njia gani, nani aliwabeba, walikula nini porini? Wa kwanza wao sasa ni vijana, wanaimba katika kwaya zetu, na majina ya mashamba ya baba zao yanaanza kuwatoka. Walimu wa sekondari tunao kati yetu. Waketi nao na daftari la pili, kwa Kinande, Kiswahili au Kifaransa, kabla ya likizo kuisha.