Alasiri ya Jumatano



Juma hili wazazi watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali lilelile. Watoto wao wanasoma shule ya sekondari ya serikali hapa upande wetu wa Kizota, na shuleni limeletwa pendekezo kwamba alasiri ya Jumatano, ambayo tangu zamani ni ya michezo na vyama vya wanafunzi, ifutwe, na saa zile zitumike kwa masomo ya ziada ya kidato cha pili na cha nne. Je, Padre aonaje? Wawili waliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua na anayetafuta baraka tu. Sikuwapa. Na kwa kuwa jibu linalotolewa mlangoni mwa kanisa, watu wakisubiri nyuma, haliwezi kuwa jibu kamili, nimeona ni vema nilieleze hapa.

Hofu ya wazazi hawa si ya kubuni. Wengi wetu twakumbuka Februari 2013, yalipotangazwa matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012, na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakaonekana wamepata daraja sifuri. Serikali iliyafuta matokeo yale na kuyapanga upya, lakini aibu ilikuwa imekwisha kuingia majumbani. Wengi wa watoto wale walitoka katika shule za kata, zilizojengwa kwa haraka kuanzia mwaka 2004 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Kuta zilitangulia, walimu wa sayansi, maabara na vitabu vikafuata kwa mwendo wa kobe. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, jambo jema lililowaleta darasani watoto ambao wangebaki kuchunga. Mwaka huohuo ukatangazwa uamuzi wa serikali kuhamia Dodoma. Sensa ya 2012 ilihesabu watu wapatao 410,000 katika manispaa yetu; ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000 katika jiji letu. Watoto wa hesabu hiyo huketi mahali fulani kila asubuhi, na mara nyingi huketi kwa kubanana. Mzazi anayeuliza kama mwanawe atafaulu katika hali hiyo anauliza jambo la haki.

Ila dawa inayopendekezwa sidhani kama inaugusa ugonjwa wenyewe.

Tazameni kwanza suala la lugha. Mtoto wetu husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili miaka yote, kisha akiingia kidato cha kwanza anakuta baiolojia, jiografia na historia kwa Kiingereza. Hilo ni jambo la sera, nami silijadili leo. Nauliza tu: mtoto huyu atakizungumza wapi hicho Kiingereza? Darasani, miongoni mwa wenzake wengi, yeye hunakili yaliyo ubaoni, na muhula waweza kwisha bila kufumbua kinywa hata mara mbili. Mahali pekee shuleni ambapo analazimika kusimama, kujenga hoja, kupingwa na kujibu, ni kwenye klabu ya mdahalo. Kuifuta klabu ya mdahalo kwa ajili ya kuinua taaluma ni sawa na kung'oa nguzo ya nyumba ili upate kuni za kupikia.

Baba mmoja alinijibu kwamba mdahalo ameukubali, lakini mpira je? Mpira haumo katika mtihani. Kwa haki, alinikumbusha pia kwamba hata Mwalimu Nyerere hakuwa mtu wa michezo alipokuwa shuleni. Ni kweli. Alipoingia shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937 hakuvutiwa na viwanja. Lakini alisaidia kuanzisha kundi la skauti pale shuleni. Shule ile haikumpa kitabu peke yake, na kijana asiyependa mpira alipata mlango mwingine wa kupitia. Hilo ndilo ninalolitetea. Sisemi kila mtoto akimbie. Nasema kila mtoto apate mahali ambapo jina lake linajulikana kwa jambo jingine zaidi ya alama.

Na wako ambao mlango wao ni huo wa kukimbia. Tarehe 15 Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alishinda mbio za marathoni katika mashindano ya dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani aliyemfuata kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Hakuna Mtanzania kabla yake aliyewahi kutwaa dhahabu katika mashindano hayo. Singida ni jirani zetu. Upepo wao na vumbi lao ndivyo vyetu. Sitamwambia mzazi yeyote kwamba mwanawe atakuwa Simbu. Lakini shule isiyo na alasiri ya michezo itamjuaje, hata akiwa ameketi dawati la mbele?

Tulikwisha kulijaribu jambo hili kama taifa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Wizara ya Elimu ilisimamisha mashindano ya michezo shuleni, UMISSETA ikiwemo, kwa hoja hiihii ya kulinda masomo; baadaye yakarejeshwa. Sijapata kumsikia mwalimu hata mmoja akiisifu miaka ile ya ukimya viwanjani kuwa ndiyo iliyotuletea ufaulu.

Sitetei kila kinachoitwa michezo. Kumwondoa mwanafunzi wa kidato cha nne darasani majuma kadhaa kwa ajili ya kambi ya mashindano ni kumwonea. Ziko pia klabu za karatasi: zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo zikiwa na mwenyekiti na katibu, na huamka siku mkaguzi anapokuja. Hizo zikifa hakuna atakayevaa nguo nyeusi.

Linalonisumbua zaidi ni hili, na akina mama watanielewa upesi. Masomo ya ziada hayaishii saa kumi. Yakianza, husogea hadi saa kumi na mbili, kisha saa moja ya usiku. Binti wa miaka kumi na mitano anatoka gizani, anaandamana na barabara ya Singida kuelekea nyumbani, na wa kwanza kusimama kumwonea huruma ni kijana wa bodaboda. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu mabinti waliokatizwa masomo kwa sababu ya uzazi warudi shuleni, nami naliheshimu hilo kwa moyo wote. Lakini afadhali tusiwafikishe huko. Binti anayecheza netiboli saa tisa alasiri uwanjani, mbele ya macho ya shule nzima, yuko salama kuliko yule anayefundishwa peke yake katika chumba cha kupanga.

Hapa niseme wazi kwamba nina maslahi yangu. Vijana wetu wa TYCS hukutana katika alasiri hizohizo. Utaratibu wao wa Ona, Amua, Tenda, tuliourithi kwa Padre Cardijn wa Ubelgiji, unahitaji saa moja tulivu na mwalimu mlezi, si dakika kumi za kuiba kabla ya kengele. Lakini wenzao wa UKWATA wanahitaji saa hiyo pia, na vijana wa Kiislamu, na skauti, na klabu ya wapinga rushwa, na lile kundi la mabinti wanaojifunza kupiga muheme kama bibi zao. Shule ya serikali ndiyo nyumba pekee katika kata yetu ambamo watoto wa dini zote na vipato vyote huketi pamoja kwa miaka minne. Ni pale uwanjani na katika vyama wanapojifunza kuongozwa na mtu asiye wa ukoo wao, na kushindwa bila kugombana. Darasani kila mmoja hushindana peke yake.

Baraza la Mitihani lilikwisha kuacha, tangu Januari 2023, kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Lilifanya vema. Sisi wazazi na walezi ndio tusioacha. Twatengeneza orodha zetu wenyewe kwenye simu, na walimu wakuu wanazisoma, wanaogopa, wanafuta mpira.

Basi mkutano wa wazazi utakapoitwa, nawasihi mhudhurie, akina baba hasa, ambao huwaachia wake zao mikutano ya shule kana kwamba ni foleni ya maji. Ombeni Jumatano ibaki. Ombeni masomo ya ziada yawe Jumamosi asubuhi, mchana kweupe, na asizuiwe mtoto ambaye mzazi wake hana cha kuchangia.

Nasi parokia tusikae tukishauri tu. Dodoma ina vyuo vikuu viwili vilivyoanza mwaka huohuo wa 2007: Chuo Kikuu cha Dodoma, na kile cha Mtakatifu Yohana kilichorithi majengo ya Mazengo sekondari. Wanafunzi wao husali nasi kila Jumapili. Nimezungumza na baadhi yao, nao wako tayari kuwafundisha wadogo zao hisabati, somo ambalo watahiniwa wengi nchini huanguka kila mwaka. Ukumbi wa parokia utakuwa wazi kuanzia Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi hadi saa sita, kwa watoto wa dini zote. Waje na madaftari. Meza zipo, viti havitoshi. Wa kufundisha hisabati wamepatikana wawili. Wa fizikia bado twamtafuta.