Fimbo haipandishi asilimia

SAFU YA JUMA
Na Kavira Kasereka

Mwanzoni mwa Julai, siku ya proklamasio, wazazi wa Bungulu, katika mji wa Beni, Kongo, hujaa kwenye viwanja vya shule kusikiliza majina na asilimia. Wa kwanza hupigiwa makofi. Aliyepata 52 hurudi nyumbani akijua kiboko kinamngoja, ingawa 50 inatosha kupanda darasa.

Ukali huo una chanzo. Tangu mauaji yaliyoanza Oktoba 2014, familia nyingi za Beni zimeacha mashamba ya kakao na kahawa kwa kuogopa kuuawa. Nyumba inachomwa, mbuzi wanaibwa, lakini diploma ya serikali mtu hukimbia nayo kichwani. Mama anayeuza mawese sokoni hujinyima ili alipe feza ya shule ya sekondari, na baba motari hivyo hivyo. Wanapodai asilimia 80, wanadai usalama wa mtoto wao. Nia hiyo ninaiheshimu.

Njia yao ndiyo ninayoipinga. Mtoto anayechapwa kwa sababu ya hesabu haelewi hesabu zaidi. Anajifunza kuficha buletini, kuiga kwa jirani siku ya mtihani, na kutouliza swali darasani asije akaonekana mjinga. Akifika kwenye Mtihani wa Serikali, hofu inakaa mahali pa akili. Na yule ambaye kila siku analinganishwa na dada yake anaishia kumchukia dada na shule pia.

Tusisahau kwamba vita vyetu ni vya watoto wetu pia. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 waliishi na Ebola huku milio ya risasi ikiwakosesha usingizi. Wengine wamebadilisha shule mara kadhaa kwa kuhama. Asilimia ya mtoto kama huyo inapima pia usiku aliokesha.

Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inataka nidhamu, nyumbani na shuleni, itolewe kwa utu. Tuanzie hapo. Mzazi, usisubiri Julai. Muhula ukiwa katikati, nenda umwone mwalimu, kisha umuulize mwanao kwa upole: somo gani linakushinda? Akikujibu bila kutetemeka, hapo ndipo umeanza kumsaidia kusoma.