Ituri: Kutunza mnyama wa pori ni kazi, huruma peke yake haitoshi

AVEBA – Mwindaji anatoka porini, kusini mwa wilaya ya Irumu. Mama tumbili amekwisha kukatwa vipande na kuuzwa. Mtoto wake, ambaye nyama yake haijazi hata sahani moja, amebaki hai, kamba kiunoni. Kijana wa Aveba mwenye roho nzuri anamwona, anamhurumia, anatoa franga zake na kumpeleka nyumbani. Anampa ndizi, anampa maziwa ya unga, anampa na jina. Majirani wanakuja kumtazama. Watoto wanacheka. Kijana analala akiamini kwamba ameokoa maisha.

Ukweli ni mchungu. Kijana huyo hakuokoa, amenunua. Mwindaji ambaye zamani hakujua la kufanya na mtoto wa makako, kama wengi wanavyomwita huku kwetu, sasa anajua kwamba mtoto naye ana bei yake. Kesho atarudi porini kutafuta mama mwingine mwenye mtoto mgongoni. Huruma ya mtu mmoja inageuka soko la mtu mwingine.

Jambo hili si dogo katika jimbo ambalo linabeba pori la Ituri, lenye okapi, sokwe, tembo na kasuku wa kijivu. Ni Wilaya ya Irumu hiyo hiyo yenye hifadhi ya Mont Hoyo, inayojulikana kwa mapango yake na sokwe wake. Vijana wengi wa hapa hawana kazi. Wakisikia kuna mahali wanyama wanatunzwa, au kuna mtu anataka kufungua bustani ndogo ya wanyama, wako tayari kujitolea hata bila kulipwa. Nia yao ni nzuri na haifai kuchekwa. Lakini ni lazima waambiwe wazi ni mzigo gani wanaouchukua, na wale wanaowaita wajitolee waulizwe wana nini mkononi.

Historia ya okapi inatosha kuwa somo. Mnyama huyu, ambaye duniani kote anaishi porini katika Kongo peke yake, alifikishwa katika bustani ya wanyama ya Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1919. Alikuwa wa kwanza kufika hai Ulaya. Aliishi huko siku 50 hivi, akafa. Watu waliompokea hawakuwa watu wabaya, wala bustani yao haikuwa ya kimaskini. Ila walimpokea mnyama ambaye maisha yake hawakuyajua.

Mwaka 1952, wakati wa ukoloni, kituo cha kukamata okapi kilianzishwa Epulu, katika wilaya ya Mambasa, ili kupeleka okapi katika bustani za ng'ambo. Wakaaji wa Epulu na Wambuti ndio waliokuwa na elimu iliyokosekana Antwerp. Okapi hula majani ya miti ya aina nyingi, na mmoja anamaliza kilo 20 na zaidi kwa siku. Majani hayo hayapatikani sokoni. Lazima mtu aingie porini kila siku, ajue mti upi na tawi lipi, ayakate mabichi na kuyaleta. Leo kesho, mvua ikinyesha, sikukuu ikifika, okapi hajui. Mama okapi anabeba mimba zaidi ya miezi 14, na mtoto akizaliwa anaweza kukaa mwezi mzima bila kutoa choo. Asiyejua hilo atafikiri mtoto ni mgonjwa, atampa dawa na kumuua kwa kumhurumia.

Hiyo ndiyo tofauti ya kutunza na kufuga kwa kupenda. Mbuzi wa Aveba anajua njia ya malishoni na njia ya kurudi. Mnyama wa pori aliyefungiwa hana njia yoyote. Kila anachokula, anachokunywa na anapolala kinatoka katika mkono wa mtu. Mkono huo ukichoka, ukifukuzwa na vita au ukikosa franga, mnyama anakufa.

Mashariki mwa Kongo kuna mahali ambapo kazi hii inafanywa vizuri, na ni wananchi wanaoifanya. Rumangabo, katika Mbuga ya Virunga, kuna kituo cha Senkwekwe kinacholea sokwe wa milimani waliopoteza wazazi. Mmoja wao aliitwa Ndakasi. Mwaka 2007 alikutwa akiwa na umri wa miezi 2 tu, amemng'ang'ania mama yake aliyepigwa risasi. Alifariki tarehe 26 Septemba 2021, akiwa na miaka 14, mikononi mwa mlezi wake André Bauma. Picha yao ilizunguka dunia nzima. Wengi waliona mapenzi katika picha ile, na ni kweli yalikuwepo. Lakini nyuma ya picha kulikuwa na miaka 14 ya kuamka, kulisha, kusafisha na kulinda. Kulikuwa pia na madaktari wa wanyama na mbuga yenye uwezo wa kulipa.

Karibu na Bukavu, kituo cha Lwiro kimekuwa kikipokea sokwe na tumbili walionyang'anywa wafanyabiashara tangu mwaka 2002. Leo kina sokwe zaidi ya 100. Sokwe anaweza kuishi miaka 40, hata 50. Kijana wa miaka 20 anayemchukua mtoto wa sokwe leo atakuwa na wajukuu, na sokwe huyo bado atahitaji kula. Tena hatabaki mtoto wa kubebwa mgongoni. Akikomaa anakuwa na nguvu kumshinda mwanaume mzima, na anaweza kung'ata vidole vya yule aliyemnyonyesha kwa chupa. Hapo ndipo wengi waliojitolea kwa furaha wanapotafuta mnyororo, au bunduki.

Upo pia upande wa afya, ambao Ituri haiwezi kuusahau. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulipita Mambasa, Komanda na Bunia, na ulipomalizika Juni 2020 ulikuwa umeua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Mpox, ambayo inaweza kubebwa na kindi na tumbili, iligunduliwa kwa mwanadamu kwa mara ya kwanza katika nchi hii mwaka 1970. Magonjwa yanapita pande zote mbili. Mafua ya kawaida ya mtu yanaweza kumuua sokwe. Ndiyo maana katika vituo vinavyojiheshimu mnyama mpya anatengwa kwanza, na mlezi anavaa barakoa hata kama wageni wanamcheka. Anayejitolea bila glavu, bila chanjo ya kichaa cha mbwa na bila daktari wa kumkimbilia amekwisha kuingia katika hatari, na familia yake pamoja naye.

Tena hatari kubwa kuliko zote huku kwetu haitoki kwa mnyama. Asubuhi ya tarehe 24 Juni 2012, kundi la Mai-Mai Simba la Paul Sadala, aliyejulikana kama Morgan, lilishambulia Epulu. Kundi hilo liliishi kwa dhahabu na meno ya tembo, na walinzi wa hifadhi walikuwa wamelizibia njia. Watu wasiopungua 6 waliuawa, wakiwemo walinzi 2. Majengo yalichomwa. Okapi 14 waliokuwa wakitunzwa pale wote walikufa: 13 katika shambulio, na wa mwisho baadaye kwa majeraha yake. Mnyama wa porini angekimbia. Wale hawakuweza, kwa sababu walikuwa ndani ya uzio waliojengewa ili walindwe.

Lubumbashi, Septemba 2022, watu waliingia usiku katika kituo cha kulea sokwe cha J.A.C.K. na kuiba sokwe wachanga 3, kisha wakadai fedha ili wawarudishe. Kumbe hata mtoto wa sokwe anaweza kutekwa kama mfanyabiashara wa barabarani. Anayefungua bustani ya wanyama katika jimbo ambalo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021 lazima ajibu swali moja kabla ya kununua hata msumari wa uzio: siku risasi zikilia, nani atabaki na wanyama? Akijibu kwamba ni vijana waliojitolea, basi afunge mlango kabla ya kuufungua. Hakuna haki ya kumwomba mtu asiyelipwa abaki mahali ambapo aliyelipwa mwenye silaha aliuawa.

Kuna watakaosema, na si vibaya kusema: watu wanakufa Irumu, wanalala katika kambi za wakimbizi, na bado tunazungumza habari za makako? Swali ni la haki. Lakini Epulu inajibu. Siku ile watu na okapi waliuawa na bunduki zile zile, kwa sababu ya dhahabu na pembe zile zile. Katika Mbuga ya Virunga, walinzi zaidi ya 200 wamepoteza maisha tangu mbuga ianzishwe mwaka 1925. Anayezungumzia wanyama wa pori katika eneo hili anazungumzia pia wajane na mayatima wa Kikongo. Na kijana anayebeba majani kila asubuhi ni mtu kwanza, ana tumbo na ana watoto.

Ndiyo maana neno «kujitolea» linahitaji kuangaliwa vizuri. Mzungu anaweza kulipa fedha zake mwenyewe ili alishe sokwe kwa majuma machache, halafu arudi kwao na picha. Huo ni uhuru wake. Ila mtoto wa sokwe anayezoea mkono mmoja na kuachwa, kisha mkono mwingine na kuachwa, anaumia. Kijana wa hapa naye hana kwao pengine pa kurudi. Akifanya kazi mwezi mzima bila franga hata moja, mwezi wa pili ataanza kula sehemu ya ndizi za tumbili, na wa tatu atamuuza kasuku. Si kwamba ni mwizi. Ni kwamba amepewa kazi ya mshahara akaambiwa ni sadaka.

Kwa Aveba jambo hili lina uzito wa pekee. Eneo hili la Walendu Bindi limejulikana kwa miaka mingi kwa sababu ya FRPI na vita. Mkataba wa amani na kundi hilo ulitiwa sahihi Gety, tarehe 28 Februari 2020. Vijana walioahidiwa maisha baada ya bunduki wamesikia ahadi nyingi. Pori linaweza kuwapa kazi ya heshima: mlinzi, mlezi wa wanyama, mwongoza wageni, mtu wa kupanda miti. Lakini kazi hiyo ikianza kwa kuwatumia bure, itakuwa ahadi nyingine iliyovunjika.

Basi kifanyike nini? Kwanza, asinunue mtu. Anayemwona mtoto wa mnyama sokoni amjulishe mhusika wa ICCN au viongozi wa mahali, bila kutoa franga kwa muuzaji. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira ipo, na raia ana haki ya kudai itumike. Pili, jimbo liweke mpango unaojulikana: mnyama akinyang'anywa mwindaji, anapelekwa wapi, kwa gari la nani, anatazamwa na daktari gani. Bila hayo, anayefuata sheria atabaki na tumbili mikononi, na atarudi kumfunga kamba.

Tatu, mlezi wa wanyama apewe mafunzo, mkataba, vifaa vya kujikinga na mshahara. Asiyeweza kulipa walezi hana uwezo wa kuwa na bustani ya wanyama, hata iwe ndogo namna gani. Na nne, kujitolea kubaki pale kunapofaa: kufundisha shuleni, kupanda miti, kuzungumza na wawindaji ambao ni wajomba na kaka zetu, kutegua mitego pamoja na walinzi. Katika kazi hizo aliyejitolea akikosa siku moja kwa sababu mtoto wake ana malaria, hakuna mnyama anayekufa.

Redio inayosikika nchi nzima inaitwa kwa jina la okapi, lakini watoto wengi wa Ituri hawajawahi kumwona. Ni haki yao kumwona. Wazazi wanaowatakia hivyo wasidanganywe kwamba njia fupi ni uzio wa miti, wanyama wanne na vijana watano wasiolipwa. Okapi aliyefika Antwerp mwaka 1919 alizungukwa na watu waliofurahi kumwona, na furaha yao haikumfikisha mwezi wa tatu.

Kijana wa Aveba akikutana tena na mwindaji mwenye mtoto wa tumbili, aache franga zake mfukoni. Atoe simu, aite wanaohusika, akatae kuondoka mpaka wafike. Itamgharimu muda, na pengine matusi. Lakini mama wa tumbili mwingine, aliye bado juu ya mti, atakuwa amepata siku nyingine.