Bima ya hospitali haimgeuzi mgonjwa kitandani

Siku moja niliitwa nyumbani kwa mama mmoja mzee huko Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Alikuwa amepooza upande mmoja kutokana na kiharusi. Hospitalini alitibiwa vyema na bima ikalipa. Lakini wiki sita baada ya kurudi nyumbani, nilimkuta na kidonda kikubwa mgongoni kwa sababu ya kulala bila kugeuzwa. Wanawe wako Nairobi. Aliyeachiwa kazi ya kumtunza ni mjukuu wa miaka 14, ambaye sasa haendi shule.

Wengi wetu tuishio mijini hudhani kwamba tukishawaandikisha wazazi katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, tumemaliza wajibu wetu. Sivyo. Mchango wa asilimia 2.75 tunaokatwa kwenye mshahara ni wa matibabu. Haumlipi mtu wa kumwogesha mgonjwa nyumbani, kumlisha na kumgeuza kila baada ya saa mbili. Bima nyingi za kampuni binafsi nazo hukomea mlangoni mwa hospitali.

Nchi nyingine zimeliona pengo hili. Ujerumani ilianzisha bima ya utunzaji mwaka 1995, na Japan mwaka 2000. Huko Japan, mtu huanza kuichangia akiwa na umri wa miaka 40. Hapa kwetu, mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi Sh2,000 kwa mwezi. Ni msaada mzuri, lakini hautoshi kumwajiri mtunzaji.

Kwa maoni yangu, serikali yafaa iingize utunzaji wa nyumbani katika bima ya taifa. Kwa sasa, usitie sahihi mkataba wowote wa bima kabla ya kuuliza: Je, mtamlipa muuguzi wa kuja nyumbani? Kwa siku ngapi? Na ugonjwa ambao mzee tayari anao?

Kisha ndugu waketi pamoja wazazi wakiwa bado na nguvu, wakubaliane kila mmoja atatoa kiasi gani kila mwezi, na ni nani atakayefunzwa na wauguzi kumhudumia mgonjwa.

Mtu akifa, sisi huchanga pesa za mazishi kwa siku chache tu. Basi tumchangie angali hai.