Mkutubi na fundi wa programu waketi meza moja

Hebu chukua mfano huu. Mwanao amepanda matatu kutoka Njoro hadi mjini Nakuru, akaingia maktaba kutafuta kitabu kuhusu magonjwa ya mahindi. Anaandika "mahindi" kwenye kompyuta. Jibu: hakuna. Anarudi nyumbani mikono mitupu, ilhali kitabu kipo rafuni, kimeorodheshwa kwa jina la Kiingereza.

Kosa ni la nani? Si la mtoto. Fundi aliyetunga programu hajui watu wa Nakuru huuliza maswali gani. Mkutubi anajua, maana huyasikia kutwa kucha. Enzi za droo za kadi angeandika kadi ndogo, "Mahindi: angalia Maize", na mambo yakaisha. Kompyuta pia yaweza kufanya hivyo, mradi wawili hawa wazungumze.

Wako waliozungumza. Mwaka 1999, maktaba za Horowhenua huko New Zealand zilikuwa na mtambo mkongwe ambao haungeweza kuuvuka mwaka 2000. Mkuu wa maktaba, Rosalie Blake, na wenzake waliketi na mafundi wa kampuni ndogo ya Katipo, akiwemo Chris Cormack, wakawaeleza jinsi kazi inavyokwenda. Programu mpya ilianza kutumika Januari 2000. Waliiita Koha, yaani zawadi kwa Kimaori, wakaitoa bure kwa ulimwengu mzima. Leo vyuo vikuu vingi vya Kenya huitumia.

Lakini msomaji, nguo ya kupewa sharti ipunguzwe ikukae. Koha haikufungwa, fundi yeyote aruhusiwa kuifungua na kuirekebisha. Egerton kule Njoro, na Kabarak, hufunza vijana kompyuta. Kwa nini kijana wa namna hiyo asikae juma moja kaunta, kando ya mkutubi, asikilize tu kabla ya kugusa chochote?

Wewe nawe una sehemu yako. Ukitafuta kitabu ukakikosa, usiondoke kimya. Mwambie mkutubi neno uliloliandika. Neno hilo moja laweza kumfungulia mlango mtoto wa jirani kesho.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tukutane Jumapili ijayo, Mola akitujalia.